Mwaka Mmoja Barbiana: Nani Hayupo Darasani?



Kila mwisho wa mwaka wa masomo, mambo ni yale yale karibu katika kila shule. Wazazi wanaalikwa, viti vinapangwa uwanjani, prefe anasimama na karatasi mkononi na kusoma habari za mwaka mzima: mechi tulizoshinda, darasa jipya lililoezekwa, mwalimu aliyestaafu na yule aliyekuja mahali pake, hesabu ya waliofaulu mtihani wa taifa. Kisha pointi zinatangazwa. Waliofaulu wanapigiwa makofi na vigelegele, wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, na njia yote ya kurudi nyumbani inakuwa wimbo.

Siyalaumu makofi hayo. Furaha ya mwanafunzi aliyejitahidi ni furaha ya haki. Lakini katika taarifa zote nilizowahi kusikiliza, kuna orodha moja ambayo sijaisikia ikisomwa: majina ya wale walioanza mwaka pamoja nasi mwezi wa Septemba, na ambao mwezi wa Juni hawakuwepo tena. Hakuna aliyewafukuza kwa kelele. Mmoja alirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, naye hakurudi. Mwingine alirudia darasa mara mbili, aibu ikamshinda. Wa tatu, msichana, alibaki nyumbani kulea wadogo zake. Nafasi waliyoiacha kwenye benchi ilijaa upesi, nasi tukasahau.

Neno langu leo ni hili: mwaka wa shule haupimwi kwanza kwa wale waliofika mwisho, bali kwa wale waliopotea njiani, na kwa juhudi iliyofanywa ili kuwatafuta. Neno hilo sikulibuni mimi. Nililipata katika habari za shule moja ndogo sana ya mlimani, mbali na kwetu. Mwaka wake mmoja, tangu kiangazi cha 1966 hadi Juni 1967, ulikuwa mwaka wa kazi kubwa na pia mwaka wa msiba. Nawaomba tuutazame pamoja.

Shule isiyokuwa na kitu

Barbiana si mji. Ni kanisa dogo, nyumba ya padri, makaburi machache, na nyumba za wakulima zilizotawanyika ubavuni mwa Mlima Giovi, katika nchi ya Italia, upande wa kaskazini-mashariki wa Florence. Padri Lorenzo Milani alipofika huko, mwezi wa Desemba 1954, hapakuwa na umeme, wala maji ya bomba, wala barabara ya kufika kanisani. Alikuwa na umri wa miaka 31. Alizaliwa katika familia tajiri ya wasomi, akaipokea imani akiwa kijana wa miaka 20, akapewa upadri mwaka 1947. Huko Calenzano, alikotumwa kumsaidia paroko, alifungua shule ya jioni kwa vijana wafanyakazi, bila kuuliza huyu ni wa chama gani na yule husali wapi. Watu wengi waliona kwamba kumpeleka katika paroki ile yenye watu wachache mno kulikuwa njia ya kumweka kando. Yeye, muda mfupi baada ya kufika, alinunua mahali pa kaburi lake. Maana yake ilikuwa wazi: hakuja hapo kungojea kuhamishwa.

Akawatazama watoto wa paroki yake. Walikuwa wamejifunza kusoma kidogo, kisha wengi walirudi kuchunga kondoo na kulima, kwa sababu walimu walikuwa wamewaambia wazazi kwamba watoto hawa hawakuumbwa kwa ajili ya vitabu. Padri aliwakusanya katika nyumba yake, na hiyo ndiyo ikawa shule. Ilikuwa shule huru kwa maana kamili ya neno hilo: haikuwa ya serikali, haikuwa na kibali cha kutoa vyeti, wala haikumtoza mtu fedha. Siku za mtihani zilipofika, wanafunzi waliteremka mlima na kutahiniwa katika shule za serikali kama watu wa kutoka nje.

Meza na viti walijitengenezea wenyewe. Hapakuwa na kadi ya pointi, wala wa kwanza, wala wa mwisho. Walisoma tangu asubuhi hadi jioni, siku 365 za mwaka, hata Jumapili baada ya Misa. Gazeti lilisomwa kwa sauti, na kila walipofika penye neno gumu walisimama, wakalichimba neno hilo hadi mizizi yake. Padri Milani aliamini kwamba kinachomtenga maskini na tajiri, zaidi ya fedha, ni neno. Asiyeelewa maneno ya wakubwa hawezi kuwajibu, na asiyeweza kujibu huamuliwa na wengine.

Mambo mawili yaliitofautisha shule hiyo na nyingine zote. La kwanza, mwendo wa darasa ulikuwa mwendo wa yule aliye nyuma. Kama mmoja hakuelewa, somo halikuendelea. Wote walimngojea, na yeye akawa kama mgeni wa heshima. La pili, wakubwa waliwafundisha wadogo. Kijana aliyejifunza jambo jana alilifundisha leo, na kwa kulifundisha alilijua mara mbili. Ukutani paliandikwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni: jambo hili linanihusu, ninalijali. Padri alipenda kueleza kwamba maneno hayo ni kinyume kabisa cha msemo wa wafuasi wa Mussolini, waliojivuna kwamba hawajali lolote.

Mwaka wa barua

Mwaka ninaousimulia ulianza kwa uchungu. Baadhi ya vijana wa Barbiana walikuwa wamekwenda mjini kuendelea na masomo, ili wawe walimu. Walifelishwa. Hao ni vijana waliozoea kusoma saa kumi na mbili kwa siku, waliokuwa wakitumwa wakati wa likizo katika nchi za Uingereza, Ufaransa na Ujerumani kufanya kazi na kujifunza lugha kwa sikio. Mjini hayo yote hayakuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni makosa ya sarufi na mambo ya kukariri.

Kijana aliyefelishwa ana njia mbili za kawaida: kunyamaza na kuamini kwamba yeye ni mjinga, au kukasirika na kuvunja vioo. Vijana wa Barbiana walichagua njia ya tatu. Waliandika barua kwa mwalimu aliyewafelisha.

Barua hiyo iliwachukua miezi mingi, nayo iliandikwa na vijana wanane kwa namna ambayo ni somo kwa kila kundi. Njia ya kuandika pamoja walikuwa wameanza kuijaribu mwaka 1963, walipoandikiana na wanafunzi wa mwalimu Mario Lodi, wa kaskazini mwa Italia. Kila mmoja alitembea na karatasi ndogo mfukoni. Wazo likimjia, aliliandika. Siku moja karatasi zote ziliwekwa mezani na kusomwa moja baada ya nyingine. Yaliyorudiwa yaliondolewa, yaliyofanana yaliwekwa pamoja, sura zikazaliwa. Kisha kila neno liliulizwa: wewe una kazi gani hapa? Likikosa kazi, lilifutwa. Mwishoni waliwaita watu wa nje wasikilize, hasa wale ambao hawakusoma sana. Kama wao hawakuelewa, kosa lilikuwa la waandishi.

Hasira peke yake isingetosha. Vijana walitafuta hesabu. Kwa msaada wa marafiki, walipata takwimu za shule nyingine na za taifa zima, wakachora majedwali ya watoto waliorudia darasa na walioacha shule, na ya kazi za baba zao. Tangu mwisho wa mwaka 1962, sheria ya Italia ilikuwa imeweka shule moja ya lazima kwa watoto wote hadi miaka 14. Kwenye karatasi, mlango ulikuwa wazi kwa wote. Lakini majedwali ya vijana hao yalionyesha kwamba watoto waliopotea njiani walikuwa hasa watoto wa wakulima na vibarua. Katika barua wamepewa majina mawili: Gianni, mtoto wa mkulima, na Pierino, mtoto wa daktari. Pierino alipoanza shule, nusu ya masomo alikuwa ameyapata nyumbani mezani. Gianni alianza mbio hizo hizo akiwa nyuma, na alipochelewa kufika, waliandika kwamba hana akili.

Wakati vijana wakiandika, padri wao alikuwa akifa. Ugonjwa wa damu ulikuwa umemwingia tangu miaka kadhaa. Tena alikuwa na kesi: alishtakiwa kwa sababu ya barua ya mwaka 1965, aliyoiandika kuwatetea vijana waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri yao. Mahakama ya Roma ilimwachilia mwezi wa Februari 1966, lakini rufani ilikatwa. Katika hali hiyo aliendelea kufundisha, hata akiwa kitandani. Barua ya vijana ikatoka kama kitabu mwezi wa Mei 1967. Juu ya jalada halikuandikwa jina la padri, wala jina la mwanafunzi yeyote. Mwandishi aliyetajwa ni shule: Shule ya Barbiana. Tarehe 26 Juni, Padri Milani akafariki nyumbani kwa mama yake, Florence, akiwa na miaka 44, akazikwa huko mlimani alikojichagulia mahali.

Tukiupima mwaka huo kwa taarifa ya kawaida, tungesema ulikuwa mwaka mbaya: wanafunzi wamefelishwa, mkuu wa shule amefariki, hakuna hata darasa moja lililojengwa. Hata hivyo, kitabu cha vijana hao kilisomwa nchi nzima na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1971 sheria ya Italia ikaruhusu shule za msingi za siku nzima, jambo ambalo ni miongoni mwa yale waliyoyadai. Sisemi kwamba barua yao ndiyo sababu pekee, lakini sauti yao ilikuwemo. Na tarehe 20 Juni 2017, Papa Fransisko alipanda mlima ule akasali kwenye kaburi la padri ambaye wengi walidhani amesahauliwa.

Je, tusimfelishe mtu?

Najua kuna watakaopinga, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema: kumpandisha darasa mtoto asiyejua ni kumdanganya, na kesho tutakuwa na waganga wasiojua kutibu. Ni kweli. Lakini Barbiana haikumpandisha mtu ovyo. Walichodai vijana wale ni kwamba shule ya lazima isimwache mtoto njiani. Kwamba anayeonekana mzito aongezewe saa za kufundishwa. Na kwamba anayeonekana mvivu apewe lengo la kuishi kwa ajili yake. Kumfelisha mtoto ni kazi ya dakika moja na kalamu nyekundu. Kumfundisha tena ni kazi ya miezi. Swali ni hili: kabla ya kuandika kwamba ameshindwa, tulimpa saa ngapi za ziada?

Wengine watasema kwamba barua ile iliwaonea walimu. Nami nakubali kwamba ina maneno makali, na Padri Milani mwenyewe hakuwa mtu laini. Kwetu hapa, sithubutu kumtupia mwalimu mzigo wote. Mwaka 2019 elimu ya msingi ilianza kutolewa bure katika shule za umma za nchi yetu. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu: watoto ambao hawakuwa wamevuka mlango wa shule walivuka. Lakini madarasa yalijaa hadi watoto wakabanana wanne katika benchi la wawili, na walimu wengi walingoja mshahara kwa muda mrefu. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kumngojea aliye nyuma. Hata kumwona hamwoni. Basi nani atamwona?

Ninyi mtamwona. Hapo ndipo Barbiana inapowahusu ninyi kuliko inavyomhusu waziri.

Karatasi ya kiwanja

Niruhusuni nikiri jambo. Katika shule ya sekondari nilikaa benchi moja na kijana aliyenizidi katika hesabu. Alinieleza mara nyingi yale niliyoshindwa kuyaelewa ubaoni. Katika mwaka wa pili baba yake alifariki, minervali ikakosekana, naye akatoweka. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Sikwenda. Mwaka huo nilitangazwa miongoni mwa wa kwanza, na niliposikia makofi sikumkumbuka.

Miaka kumi baadaye nilimkuta sokoni akipakua magunia. Alinisalimu kwa furaha, akaniita mwalimu, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilitoka ofisi moja, kuhusu kiwanja cha marehemu baba yake. Aliniomba nimsomee, kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa kimemtoka. Nikasoma. Ilikuwa inamwita aende kujieleza kabla ya tarehe fulani, na tarehe hiyo ilikuwa imepita miezi miwili. Akaniuliza kama ni habari njema.

Tangu siku ile nimeelewa kwa nini padri wa Barbiana alisimama juu ya kila neno. Rafiki yangu hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumngojea. Na mimi, niliyekuwa na deni kwake la hesabu zote zile, ndiye niliyepaswa kuwa mtu huyo.

Mchungaji alihesabu kwanza

Bwana wetu alisimulia habari ya mchungaji mwenye kondoo mia. Tunaipenda habari hiyo, tunaiimba, tunaichora ukutani. Lakini mara nyingi tunapita haraka juu ya jambo moja: kabla ya kwenda kutafuta, mchungaji yule alihesabu. Asingehesabu, asingejua. Zizi lenye kondoo 99 halionekani tupu. Darasa lililojaa halionekani limepoteza mtu. Kundi la vijana linaloimba vizuri halisikii sauti iliyokosekana.

Basi nawapendekezea mambo matatu, nayo hayahitaji mfadhili wala mradi.

La kwanza, hesabuni. Katika kila shirika, andikeni majina ya watoto na vijana wa mtaa walioacha shule katika mwaka huu. Msiandike idadi tu, andikeni majina, maana idadi haina mama wala nyumba.

La pili, watembeleeni. Nendeni wawili wawili, msiende kuhubiri wala kuwasuta wazazi. Ulizeni kilichotokea, kisha sikilizeni. Mtakuta wengine wanahitaji fedha ambazo hamna. Semeni ukweli huo, kisha mpelekeni habari kwa paroko na kwa wazee wa shirika. Lakini mtakuta wengi ambao kikwazo chao cha kwanza ni aibu.

La tatu, fundisheni. Paroki ina chumba ambacho siku nyingi za juma hukaa kimefungwa. Ina mabenchi. Ina wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu ambao kila alasiri huketi mbele ya simu. Saa mbili, mara tatu kwa juma: kusoma, kuandika, hesabu, na Kifaransa cha karatasi za ofisi. Usiseme kwamba hujasoma vya kutosha. Kwa mtoto asiyejua kusoma, wewe uliye katika mwaka wa tatu wa sekondari ni mwalimu mkubwa. Ila mkianza, mjue sharti la Barbiana: hakuna kuendelea mpaka wa mwisho ameelewa, na hakuna kuacha kwa sababu mvua imenyesha au sherehe imekaribia. Mtoto aliyeachwa mara moja na shule asiachwe mara ya pili na ninyi.

Na mwisho wa mwaka, kundi lenu litakaposoma taarifa yake mbele ya waamini, someni michezo, nyimbo na safari ya hija. Halafu someni orodha ile ya majina. Semeni: hawa walitoka, hawa wamerudi, hawa bado tunawatafuta. Huenda watu wasipige makofi. Huenda mama mmoja, nyuma kabisa ya kanisa, akasikia jina la mtoto wake likitajwa na watu kwa mara ya kwanza tangu alipoacha shule.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Tutaje kwa jina kijana mmoja wa mtaa wetu aliyeacha shule mwaka huu. Tunajua kwa nini aliacha, au tunadhani tu?

2. Nani aliwahi kunifundisha jambo bila kulipwa? Deni hilo nimelilipa kwa nani?

3. Katika mazoezi yetu ya kwaya, ya mpira na ya katekesi, mwendo wetu ni wa nani: wa yule aliye mbele, au wa yule aliye nyuma?